Mafungo ya kipupwe milimani: namna ya kuwatoa waumini visiwani na kuwalaza salama Usambara

Mafungo ya milimani, yaani siku za waumini kujitenga kwa sala na mapumziko, hufana au huharibika usiku wa kwanza. Mtu aliyezaliwa na kukulia Kikwajuni, Unguja mjini, akilala Julai yake ya kwanza Lushoto kwa shuka moja na kanga, asubuhi hasikii neno hata moja la mahubiri. Kajikunja kwenye benchi, mikono kwapani, anahesabu siku za kurudi. Aliyelala na joto huamka mapema mwenyewe, akatoka nje kuutazama ukungu, na moyo wake uko tayari kwa alichokijia.

Kwa hiyo mwongozo huu unauweka usiku ule mbele ya mambo yote. Tarehe, fedha, boti, gari, nguo na jiko vipangwe ili bibi wa miaka sabini na mtoto wa skuli ya Jumapili walale vizuri siku ya kufika. Wahubiri wapo, kwaya ipo, sala tunazijua. Baridi ndiyo tusiyoijua.

1. Tarehe na kambi: anza Januari

Kipupwe chetu, Juni hadi Agosti, ndiyo miezi ya baridi Usambara. Wapo wanaosema ni heri kwenda Desemba kukiwa na joto. Mimi nashauri kipupwe. Masika yameshapita, kwa hiyo barabara ya kupanda haina hatari ya maporomoko kama mwezi wa Aprili. Likizo ya katikati ya mwaka inawapa nafasi watoto na walimu. Na baridi yenyewe inawaweka watu pamoja: hakuna anayezurura hadi usiku wa manane, jioni wote wako chumba kimoja na kikombe cha chai mkononi.

Epukeni siku za Idi, kwa sababu boti hujaa na ndugu zetu Waislamu wanasafiri kwenda kwao. Epukeni pia siku zinazozunguka Julai 7, maonyesho ya Sabasaba yanapoijaza Dar es Salaam.

Kambi za kanisa na nyumba za wageni za watawa haziko chache milimani. Walutheri wako huko tangu wamisionari wa Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891, na Irente, karibu na Lushoto, wana huduma nyingi, ikiwemo shule ya wasioona. Waanglikana tuna udugu wa zamani na upande ule: misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, UMCA, iliyohamia Unguja mwaka 1864, ndiyo iliyokwenda kuanzisha Magila, karibu na Muheza, na kwa miaka mingi dayosisi ya Zanzibar na Tanga ilikuwa moja. Barua ya utambulisho kutoka kwa askofu au padri wenu itafungua milango ambayo simu haifungui.

Msikodi kambi kwa picha. Tumeni watu wawili, mmoja wao awe mama anayejua jiko, walale pale usiku mmoja. Wakirudi waulizeni haya: Kila kitanda kina blanketi mangapi? (Mawili ndiyo kima cha chini, na yawe mazito.) Madirisha yanafunga, au kuna vioo vilivyovunjika? Choo kiko hatua ngapi kutoka bwenini, na njia yake ina taa? Maji ya moto ya kuoga yanatoka wapi, na yanatosha ndoo ngapi kwa siku? Gari kubwa linafika mlangoni, au watu wataburuta mizigo kwenye mteremko? Hospitali iko umbali gani? Umeme ukikatika wanafanya nini?

Kuna jambo la urefu wa mahali ambalo wengi hawalifikirii. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai Unguja mjini ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20. Lushoto huteremka hadi karibu na nyuzi 10, na kambi iliyo juu zaidi, upande wa msitu wa Magamba, ina baridi kuliko hiyo. Kwa kundi linalokwenda mara ya kwanza chagueni kambi ya karibu na mji. Za juu zisubiri watu wazoee.

2. Fedha

Ombeni kambi iwape bei kwa maandishi: malazi, chakula, kuni, maji ya moto, ukumbi. Ongezeni boti kwenda na kurudi, gari, malazi ya njiani, dawa, sadaka kwa kanisa mwenyeji. Juu ya jumla hiyo wekeni asilimia 10 ya dharura, na isiguswe kwa kununulia fulana za sare. Michango ikusanywe kidogo kidogo kila wiki kwenye jumuiya, iandikwe daftarini na mtu mmoja, ihesabiwe na mwengine. Asiye na uwezo asaidiwe kimya kimya kupitia kwa padri au mzee wa kanisa, jina lake lisitajwe ibadani.

3. Jueni mnaondoka na nani

Miezi miwili kabla, kila anayejiandikisha ajaze karatasi moja: jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, umri, namba ya ndugu wa kupigiwa, maradhi, dawa anazotumia. Karatasi hizi ashike mtu mmoja tu, muuguzi au daktari wa usharika kama yupo, na ziwe siri.

Maradhi matatu yanahitaji mazungumzo ya ana kwa ana. Mwenye selimundu (siko seli) anaweza kupata maumivu makali kwa sababu ya baridi tu. Azungumze na daktari wake kwanza, na akiruhusiwa, avae nguo nzito muda wote, anywe maji mengi, asioge maji baridi hata siku moja. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta mfukoni, si ndani ya begi lililo juu ya gari, kwani baridi na moshi wa kuni huchochea pumu. Wenye presha na kisukari wabebe dawa za siku zote za safari na tatu za ziada, maana boti hughairishwa. Wenye bima waulize mapema kama kadi zao zinatumika bara.

Watoto wasiofuatana na wazazi wawe na barua ya idhini iliyosainiwa. Wavulana na wasichana wawe na mabweni mbalimbali, na kila bweni lilale na watu wazima wawili wa jinsia hiyo, wanaojulikana na kanisa. Mtu mzima mmoja asibaki peke yake na watoto. Hili ni sharti, na kambi isiyoweza kulitimiza mwiache.

4. Safari: ifanyeni ya siku mbili

Hapa ndipo makundi mengi hujiponza. Mpango wa kawaida ni boti ya saa moja asubuhi kutoka bandari ya Malindi, Unguja, kushuka Dar saa tatu, kuingia kwenye gari na kufika Lushoto usiku huo huo. Kwenye karatasi inawezekana. Kwa kweli mnafika giza limeshaingia, wazee wamechoka, nusu ya watoto wametapika mara mbili, na baridi inawapokea bila sweta kwa sababu masweta yako chini ya mizigo. Usiku wa kwanza umeshaharibika kabla hamjafika.

Afadhali mwondoke kwa boti ya mchana, mlale Dar es Salaam kwenye hosteli ya kanisa, mpande gari saa kumi na mbili asubuhi, mfike milimani jua likiwa bado juu. Gharama inaongezeka. Nawaomba mkubali gharama hiyo. Punguzeni siku moja ya mafungo kama hamna budi.

Kuhusu boti. Kipupwe ni msimu wa Kusi, upepo wa kutoka kusini, na mkondo una mawimbi. Mwenye tumbo jepesi ale kidogo, mapema, asipande na njaa wala na shibe ya biriani. Dawa ya kichefuchefu imezwe kabla ya kupanda, kwa kipimo cha mfamasia. Ukisubiri hadi uanze kutapika umechelewa. Tafuteni viti vya katikati au nyuma, sitaha ya chini, mtazame mbali kwenye upeo wa bahari. Tangawizi ya kutafuna inawasaidia wengi.

Tiketi ziandikwe majina kamili, na kila mmoja awe na kitambulisho chake: Mzanzibari Mkaazi au cha taifa; watoto, vyeti vya kuzaliwa. Huu si urasimu. Mv Spice Islander ilizama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, Mv Skagit ikazama Julai 18, 2012 karibu na Chumbe ikitokea Dar, bahari ikiwa imechafuka. Sisi wa visiwani tunajua maana ya kumtafuta mtu ambaye jina lake halimo kwenye orodha ya abiria. Kiongozi awe na nakala mbili za orodha yake, moja ibaki na kanisa nyumbani, na ahesabu vichwa mara nne: kabla ya kupanda boti, baada ya kushuka, kabla ya gari kuondoka, na kila kituo. Boti ikionekana imezidi, au nahodha akisema bahari mbaya, msishindane. Mafungo yanaweza kuanza kesho.

Ndugu wa Wete, Mkoani na Chake Chake, angalieni kwanza kama kuna meli ya kwenda Tanga siku mnazotaka, kwa sababu njia ya Tanga, Muheza, Segera hadi Korogwe ni fupi mno kuliko kuzungukia Unguja na Dar. Na mkipita Muheza, Magila si mbali, inafaa kusimama kwa sala fupi. Lakini kama meli hakuna, msikubali kuvuka kwa jahazi au mashua ya mizigo. Si katika Kusi.

Kutoka Dar zipo njia mbili za kufika Segera. Moja inapita Kibaha na Chalinze, yenye malori mengi. Ya pili ni ya Bagamoyo hadi Msata, nayo mara nyingi ina utulivu zaidi. Mwachieni dereva achague, ila kodini gari lenye dereva aliyekwisha kupanda Lushoto. Kosta mbili ni bora kuliko basi kubwa moja, kwa sababu ya kona za kupandia.

Mombo ndipo pa kusimama bila kukosa. Huko chini bado kuna joto, hamtaamini kwamba milima iliyo mbele yenu ina baridi, na ndiyo maana lazima mtu awasimamie. Watu wote waende choo, wale kitu chepesi, watoe sweta na soksi kwenye mabegi ya mkononi wavishike tayari. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini zote ni kona na korongo, kupitia Soni. Wenye kichefuchefu wakae mbele. Gari lianze kupanda kabla ya saa tisa alasiri; mwendo wa usiku kwenye kona zile, na ukungu, si wa kujaribu.

5. Begi la mtu wa visiwani

Wiki tatu kabla, fanyeni kikao kimoja kanisani, mama mmoja alete begi lililofungwa vizuri alifungue mbele ya watu. Maonyesho hayo hufundisha kuliko tangazo. Siri ni tabaka: fulana ya kushika mwili, shati la mikono mirefu, sweta, halafu koti la kuzuia upepo. Nguo nne nyepesi zilizopandana zinashinda koti moja zito, na jua likitoka unavua moja moja. Kofia ya sufu kwa kila mtu, soksi jozi tatu, moja ikiwa ya kulalia tu, viatu vya kufunga vyenye soli isiyoteleza. Kandambili ni za kuogea. Akina mama wavae suruali nzito au taitsi chini ya gauni. Kanga na kitenge vinafaa kujitanda juu ya sweta, peke yake havizuii kitu.

Msinunue vipya. Mitumba ya Darajani ina masweta na makoti ya kila saizi, na kwa kuwa hapa Unguja watu hawayapiganii, bei huwa nzuri. Asiyepata ataweza kununua soko la Lushoto, ila atakuwa ameshalala usiku mmoja.

Ongezeni tochi, kikombe cha bati, mafuta ya mgando ya midomo na ngozi, na mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku bara tangu Juni 1, 2019, kama ilivyo kwetu.

6. Usiku wa kwanza

Mkifika, msianze na ibada. Kwanza chai ya tangawizi, moto, yenye sukari. Kisha vyumba: wazee na wajawazito wapewe vyumba vilivyo karibu na choo na vitanda vya chini. Wanaooga waoge sasa, jua halijazama, kwa maji ya moto. Desturi yetu ya kuoga kabla ya kulala iachwe, nywele zenye maji usiku wa Usambara ni mwanzo wa kutetemeka hadi alfajiri. Chakula cha jioni kiliwe saa kumi na mbili na nusu, kiwe cha moto na kizito. Sala fupi ya shukrani, dakika kumi na tano. Kulala.

Kabla ya kulala kila mtu avue nguo alizosafiria, hata kama anaziona safi. Zina jasho la Mombo, na jasho likipoa mwilini hakuna blanketi litakalosaidia. Avae nguo kavu, soksi kavu, kofia. Wanaolala chini wasiweke mkeka juu ya saruji na kuridhika. Saruji hunyonya joto la mwili usiku kucha. Godoro lazima, au maboksi yaliyokunjuliwa tabaka kadhaa chini ya mkeka. Kwa mzee, chupa ya maji ya moto iliyofungwa barabara na kuviringishwa taulo, ikiwekwa miguuni, ni faraja kubwa. Yawe moto wa kuvumilika kwa mkono, yasiwe yanayochemka.

Sasa nisikilizeni kwa makini. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala. Hata dakika tano. Hata dirisha likiwa wazi kidogo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu aliyelala haikohoi, haimwamshi. Huingia kwenye damu mahali pa oksijeni, na familia nzima hukutwa asubuhi wamekufa kama waliolala. Kwetu visiwani hatujazoea kuota moto ndani, kwa hiyo hatuna woga wa jambo hili, na anayeingiza jiko mara nyingi ni mwenye huruma anayetaka kumpasha moto mama yake au mtoto mchanga. Tangazeni kanisani, tangazeni kwenye gari, tangazeni wakati wa chakula. Kisha, saa tatu na nusu usiku, wazee wawili wapite kila chumba wahakikishe kwa macho yao. Mtu akiamka na kichwa kinachogonga, kizunguzungu na kichefuchefu chumbani mlimokuwa na moto, mtoeni nje kwenye hewa papo hapo na mkimbizeni hospitali.

Wazee hao hao wapite tena saa tisa usiku, ndio muda wa baridi kali. Wawe na mablanketi ya akiba. Anayetetemeka apewe chai na blanketi. Mzee au mtoto aliyeacha kutetemeka huku akiongea ovyo au akisinzia bila kuamshika ni mgonjwa, apelekwe hospitali usiku huo huo.

7. Jikoni

Mpishi wa Unguja atashangaa maharage yake hayaivi. Si kosa lake. Mahali palipoinuka maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 100. Kwenye mita 1,400 huchemkia karibu nyuzi 95, na kila kitu cha kuchemsha huchelewa. Maharage yalowekwe tangu jioni na yatengewe muda mrefu kuliko wa nyumbani. Wali nao unataka maji kidogo zaidi na subira.

Msibebe mboga. Usambara ni shamba la mboga: kabichi, karoti, viazi mviringo, na matunda ya baridi kama plamu na peasi ambayo watoto wetu hawayaoni kwenye miti. Nunueni kwa wenyeji. Kuni vilevile zinunuliwe kupitia kwa mwenyeji. Msitu wa Magamba umehifadhiwa, na vijana wasipelekwe kukata.

Zawadi kwa wenyeji ni halua, haiharibiki njiani. Viungo pia, paketi ndogo za dukani. Karafuu za gunia msibebe hata kwa nia njema, maana biashara yake iko mikononi mwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na kuzitoa kisiwani kienyeji ni magendo.

8. Ratiba isiyojaa

Nimeona ratiba za mafungo zenye semina sita kwa siku, mkesha, na spika zilizobebwa kutoka nyumbani. Huo ni mkutano wa injili, na kwetu unaweza kufanyika kwa nauli ya daladala. Bwana aliwaita wanafunzi wake kando wapumzike. Spika ziacheni.

Siku ya kwanza kamili, ibada ya asubuhi isianze kabla ya saa mbili, jua likishachomoza vizuri, watu wameshakunywa uji. Fundisho moja asubuhi, moja jioni ndani ya ukumbi. Kati ya saa nne na saa kumi watu wawe nje: kutembea, kukaa juani, kusoma, kuungama kwa padri bila foleni. Wekeni saa mbili za ukimya mtupu, simu zikiwa zimekusanywa kwenye kapu. Mara ya kwanza watu watahangaika, dakika kama ishirini. Wavumilieni, msiujaze ukimya huo kwa pambio. Wanaozozana tangu mwaka jana kwenye kamati ya ujenzi huanza kuzungumza wenyewe baada ya saa kama hizo, wakitembea, si mezani.

Matembezi ya Irente yanafaa kundi zima, ni kilomita chache kutoka mjini. Kutoka kwenye ukingo unaiona nyika ya Mombo chini kabisa, karibu mita 1,000. Ni genge, hakuna pa kushikia. Watoto washikwe mikono, na ukungu ukiingia mrudi.

9. Kurudi

Siku ya mwisho isiwe na fundisho. Vyumba visafishwe, mablanketi yahesabiwe na kurudishwa, deni limalizwe, kiongozi apewe risiti. Masweta yavuliwe Mombo. Ndani ya wiki mbili mhazini asome hesabu mbele ya waumini wote, hata waliobaki.

Na mwezi mzima baada ya safari mwe macho na homa. Kule juu mbu ni wachache, lakini mmepita Dar, Korogwe na Mombo. Malaria Zanzibar imepungua sana, na nyingi inayobaki huletwa na wasafiri. Dalili huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, wakati mtu ameshasahau safari. Yeyote atakayeumwa kichwa, kupata homa au baridi ya mwili asiseme ni mafua ya Lushoto; aende kituo cha afya akapimwe, amwambie mhudumu kwamba alikuwa bara.